Nyimbo za Kale Zirudi Shuleni: Kazi Ambayo Kikundi Chako Kinaweza Kuianza

 

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mbegu, visima, mikopo midogo na afya ya mama na mtoto. Safari hii tuzungumze juu ya nyimbo. Najua kuna mtu tayari anacheka na kuuliza, "Nyimbo zitatuletea unga?" Ngoja kwanza, ndugu yangu. Soma mpaka mwisho, halafu tupime pamoja.

WIMBO AMBAO KILA MTOTO ANAUJUA

Jumatatu moja asubuhi nilikuwa katika shule ya msingi hapa upande wa Garsen. Watoto walisimama kwa mistari, bendera ikapandishwa, wakaimba wimbo wa taifa vizuri sana. Baadaye nikawauliza darasani, "Nani anajua sauti ya wimbo ule ilitoka wapi?" Mmoja akasema Nairobi. Mwingine akasema Uingereza. Wa tatu akasema, "Serikali."

Mama anayewapikia watoto alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wake. Akacheka, akasema, "Huo ni wetu, mwalimu. Mimi nililelewa nao." Akaanza kuuimba polepole kwa Kipokomo, kama mtu aliye na mtoto mgongoni. Darasa zima likanyamaza.

Mama yule alisema kweli. Mwaka wa 1963, Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, wanamuziki wachache walipewa kazi ya kutafuta wimbo wa taifa. Walikuwa Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakwenda kuazima sauti Ulaya. Walichukua wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, ambao walioneshwa na Mzee Meza Morowa Galana wa hapa hapa Tana River. Wakautengeneza uweze kuimbwa na umati na kupigwa na bendi, kisha wakatunga maneno mapya ya Kiswahili na ya Kiingereza.

Kwa hiyo kila mwanariadha wetu anapovishwa medali ya dhahabu, dunia inasikia sauti ya mama wa Mto Tana akimnyamazisha mwanawe. Lakini mtoto wa Tana mwenyewe hajui! Mzee Galana ni marehemu sasa, na wazee wa rika lake wanaondoka mmoja mmoja. Tukilaumu redio na simu peke yake tutakuwa tunajidanganya. Nyimbo zile hazikufukuzwa na mtu. Ni sisi watu wazima ambao hatukuzikabidhi.

HATA WENZETU WA ULAYA WALIPOTEZA ZAO

Wazazi wengi mnaijua rekoda, ile filimbi ambayo mtoto anakuja nyumbani akisema, "Mwalimu amesema tununue." Iko katika masomo ya muziki ya shule zetu. Watu wengi wanadhani ni kitu cha kisasa kwa sababu ni ya plastiki. Kumbe ni chombo cha kale sana. Huko Ulaya ilipigwa kwa mamia ya miaka, halafu watu wakaona imepitwa na wakati wakaiacha. Zilizobaki zikawa za kutazamwa tu, katika makumbusho na makabati ya matajiri.

Kulikuwa na fundi mmoja, Arnold Dolmetsch, aliyezaliwa Ufaransa mwaka wa 1858 na kufanya kazi yake Uingereza. Yeye alipenda vyombo vya kale. Mwaka wa 1905 alinunua rekoda ya zamani mnadani. Mwaka wa 1919, wakiwa safarini, mkoba uliokuwa na rekoda ile ulisahauliwa katika stesheni ya Waterloo mjini London, ikapotea. Mzee yule hakukaa chini kulia. Aliingia karakanani akatengeneza nyingine. Mwaka wa 1925 akaanzisha tamasha la muziki wa kale katika mji mdogo wa Haslemere alikokuwa akiishi. Mwanawe, Carl, akaendelea na kazi ya kuipeleka rekoda shuleni. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaanza kutengenezwa za plastiki, za bei ambayo mzazi wa kawaida anaweza. Leo mtoto wa Garsen anaipuliza.

Siku hizi huko Ulaya na Marekani viko vikundi vingi vya muziki wa kale ambavyo huwa na kawaida ya kutoka nje ya kumbi zao na kwenda shuleni na vijijini. Wanabeba vyombo vya zamani, wanawaacha watoto wavishike, wanawafundisha wimbo mfupi, wanaeleza watu wa zamani waliishi vipi.

Tunajifunza mambo mawili hapo. Kwanza, kilichopotea kinaweza kutengenezwa upya kama yupo anayekumbuka kilivyokuwa. Pili, muziki wa kale haukurudi kwa kuwekwa kabatini. Ulirudi ulipowekwa mikononi mwa watoto.

NGOMA ILIYOKWENDA MBALI

Sisi nasi tunayo habari yetu ya kupotelewa. Wapokomo walikuwa na ngoma kubwa, Ngadji, iliyokuwa heshima na nguvu ya kabila zima. Ilitunzwa na wazee mahali pa siri, na mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuiona. Wakati wa ukoloni ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza, na tangu 1908 iko British Museum mjini London. Hadi leo wenyewe wanaidai.

Kudai ni haki yao. Lakini nyimbo za kulelea, za kupiga kasia na pondo, za kuamia ndege shambani mwa mpunga, za kutwanga, za harusi, hizo hazikuchukuliwa na meli yoyote. Ziko vichwani mwa nyanya na babu zetu, umbali wa hatua chache kutoka shuleni. Hizi zikipotea, tutamdai nani?

Hata huko Kipini, Tana inapoingia baharini, wazee wanakuonyesha kaburi wanalosema ni la Fumo Liyongo, shujaa na mshairi. Katika hadithi yake, Liyongo alifungwa minyororo. Mama yake akamfichia tupa ndani ya mkate. Liyongo akaomba ichezwe ngoma ya gungu nje ya gereza, na wakati watu wanapiga na kuimba, yeye ndani alikuwa akikata chuma, asisikike. Mzee mmoja aliniambia kwa mzaha, "Unaona? Ngoma ilimfungua mtu."

KANISA LINASEMAJE?

Wako Wakristo wanaoogopa. Walifundishwa zamani kwamba ngoma ni ushenzi. Ni kweli wamisionari wengi wa kwanza walifikiri hivyo. Lakini tarehe 4 Desemba 1963, siku nane tu kabla ya uhuru wa Kenya, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Liturujia. Katika namba 119 inaeleza kwamba muziki wa asili wa kila taifa una sehemu kubwa katika maisha ya watu na ya dini, kwa hiyo upewe heshima unayostahili. Inataka wamisionari waandaliwe ili waweze kuuendeleza muziki huo katika ibada, na pia SHULENI. Angalia neno hilo: shuleni. Basi tukienda shuleni na nyimbo za wazee hatutoki nje ya njia ya Kanisa.

TULIPOKOSEA SISI WENYEWE

Sasa nikiri jambo. Mara ya kwanza tulipojaribu kazi hii na kikundi kimoja, tuliharibu.

Tulikodi gari, tukachukua wazee kumi na ngoma zao, tukaenda shuleni siku moja tu. Wazee waliimba vizuri, watoto wakapiga makofi, tukapiga picha, tukanywa chai, tukaondoka. Baada ya wiki mbili nikarudi kuuliza nani anakumbuka wimbo hata mmoja. Hakuna. Tuliwapa watoto sinema, hatukuwapa urithi.

Lakini kosa kubwa zaidi ni hili. Miongoni mwa nyimbo zilizoimbwa siku ile ulikuwemo mmoja wa zamani wa kusifu ushindi. Maneno yake yalikuwa ya ndani, na sisi viongozi hatukuuliza maana. Kumbe ulikuwa unawasimanga majirani. Kijana mmoja wa darasa la juu aliinuka akatoka nje, na wenzake watatu wakamfuata. Jioni baba yake akaja kwangu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwalimu, mimi nilizika ndugu yangu mwaka wa 2012. Leo mtoto wangu ameimbiwa hiyo shuleni?"

Sitasema wimbo ulikuwa wa upande gani, maana kila upande una nyimbo za namna hiyo. Wote tunakumbuka mapigano ya hapa kwetu kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, ambayo yaliua zaidi ya watu 100, wakulima kwa wafugaji, na watoto pia. Watoto wa wale waliopigana wanakaa dawati moja leo. Nyimbo zinaweza kuwaunganisha, na zinaweza kuwatenganisha. Wimbo ni kama kisu cha jikoni, kinakata mboga na kinakata mkono.

Tulikwenda kuomba msamaha nyumbani kwa mzee yule, tukiwa na wazee wa pande mbili. Akatusamehe, akatupa na shauri: "Anzeni na nyimbo za kulelea watoto. Hakuna mama anayembembeleza mtoto kwa matusi." Tangu siku hiyo ndiyo njia tunayoifuata.

HATUA ZA KUFUATA

1. Kaeni na wazee kwanza. Kikundi kiwatembelee wazee majumbani, hasa akina nyanya. Andikeni orodha: wimbo gani, unaimbwa lini, na nani, kwa kazi gani, maneno yana maana gani. Kijiji chenye Wapokomo na Waorma kiandike orodha mbili. Wapokomo wana nyimbo za shamba na mto; Waorma wana zao za mifugo. Wagiriama, Waswahili, Wamunyoyaya, Wawata na wengineo walio kati yetu wasisahauliwe.

2. Chujeni. Wazee wa kila upande wakae pamoja wasikie maneno ya kila wimbo kabla haujafika shuleni. Wimbo wa kusimanga mtu uwekwe kando. Halafu kuna nyimbo na ngoma ambazo ni za siri, za wazee tu, kama ilivyokuwa Ngadji. Hizo nazo zisipelekwe kwa watoto. Mzee akisema "huu hapana", usimbembeleze.

3. Ombeni ruhusa. Mwendeeni mwalimu mkuu pamoja na wawakilishi wa wazazi katika bodi ya shule. Mwelezeni kwamba mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini Januari 2019, unatoa nafasi kwa lugha ya nyumbani katika madarasa ya chini na kwa muziki wa asili. Kwa hiyo hamumwongezei mwalimu mzigo, mnamsaidia kuubeba. Waambieni wazazi Waislamu mapema na wazi: hii si dini, hakuna mtoto atakayeimbishwa wimbo wa kanisa. Kama kuna mzazi au sheikh ambaye haridhiki na ngoma, sauti peke yake inatosha. Heshimuni.

4. Wimbo mmoja, wiki nne. Hili ndilo dawa ya kosa letu la kwanza. Chagueni wimbo mmoja mfupi. Mzee mmoja au wawili waende shuleni siku moja kwa wiki, nusu saa, kwa mwezi mzima. Wiki ya kwanza watoto wasikilize na waambiwe habari ya wimbo. Ya pili wajifunze maneno. Ya tatu waimbe kwa kuitikiana. Ya nne waimbe peke yao, mzee akae kimya asikilize. Kila wiki wapewe kazi moja ya nyumbani: "Mwimbie mtu mmoja nyumbani, kisha uniambie alisema nini." Hapo ndipo utashangaa. Nyanya ambaye hakuwa ameulizwa kitu miaka mingi anaanza kumsahihisha mjukuu!

5. Tengenezeni vyombo na watoto. Anzeni na kayamba. Mnahitaji matete makavu, fito nyepesi za kufanya fremu, kamba, na mbegu ngumu ndogo. Pangeni matete yabanane, yafungeni kwenye fremu. Tengenezeni na upande wa pili vilevile. Tieni mbegu katikati, kisha fungeni pande zote zisimwagike. Mtikise msikilize: mbegu zikiwa nyingi mno sauti inakufa, zikiwa chache inakuwa nyembamba. Matete yakatwe na watu wazima. Kandokando ya mto kuna mamba, mtoto asitumwe huko hata kwa kayamba.

6. Rekodini kwa simu. Kabla ya wimbo, aliyeshika simu aseme jina la mwimbaji, kijiji, tarehe, na alijifunza kwa nani. Wekeni nakala mbili, nyumba mbili tofauti, na moja iwe mahali pa juu. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya 2024 yametufundisha: maji hayachagui kati ya gunia la mahindi na daftari la kikundi.

7. Jueni sheria. Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi. Kwa ufupi, inatambua kwamba nyimbo za jadi ni mali ya jamii. Anayetaka kuzitumia kwa faida yake, kwa mfano kuuza rekodi, anapaswa kupata kibali cha jamii kwanza, na serikali ya kaunti ina wajibu wa kuziandikisha. Mgeni akija na kamera nzuri na maneno matamu, mwulizeni: rekodi itakwenda wapi? Itauzwa? Sisi tutapata nini? Yaandikwe kabla ya ngoma kupigwa. Na nyinyi vilevile, msisambaze sauti ya mzee bila yeye kukubali.

GHARAMA NI NINI?

Ni kidogo kuliko mnavyodhani. Chai na sukari kwa wazee, nauli ya mzee anayeishi mbali, kamba, pengine ngozi ya ngoma. Vikundi vingi vinaweza kupata haya kwa mchango wa wanachama. Msingoje mfadhili. Mfadhili akija, na aje akute kazi inaendelea.

Msiahidi wazee mishahara wala msiwaahidi watoto safari. Kama siku moja kikundi cha shule kitaingia katika mashindano ya muziki ya kitaifa, ambayo yapo tangu 1927, vizuri. Lakini kombe lisiwe ndilo lengo. Shule ikifundishwa kwa ajili ya kombe, wimbo unakufa siku ya pili baada ya matokeo.

BASI, NYIMBO ZITALETA UNGA?

Nirudi kwa yule ndugu aliyecheka. Hapana, nyimbo hazitaleta unga. Lakini kisima mnachochimba leo kitatumiwa na watoto hawa kesho, wa mkulima na wa mfugaji, kwenye foleni moja. Kama hawajuani, kisima kitakuwa sababu ya vita. Kama kila mmoja anajua wimbo ambao nyanya ya mwenzake humlazia mtoto, hawataweza kudanganywa kwa urahisi kwamba yule wa pili si mtu. Samaki mkunje angali mbichi.

Mwezi uliopita nilipita katika shule ile ile tuliyoharibu. Sikuwa nimetoa taarifa. Ilikuwa mapumziko, na chini ya mwembe wasichana wadogo walikuwa wakiruka kamba. Mmoja Mworma, mwingine Mpokomo, wengine sikuwatambua. Walikuwa wakihesabu miruko kwa wimbo wa kulelea wa Kiorma, ambao wameuongeza mwendo mpaka umekuwa wa kuruka. Mzee wetu angewasahihisha. Mimi nilikaa kimya nikasikiliza.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni nani mzee kuliko wote anayejua nyimbo za zamani? Tumemtembelea lini mara ya mwisho?

2. Ni wimbo gani mmoja ambao kila mwanachama alilelewa nao? Tuuimbe sasa hivi kabla ya kuendelea.

3. Je, tunazo nyimbo zinazowaumiza majirani? Tutafanya nini nazo?

4. Ni nani kati yetu atakwenda kuzungumza na mwalimu mkuu, na lini? Andikeni jina na tarehe katika kumbukumbu za mkutano.

Mungu awabariki katika kazi zenu.